Matundu ya boriti kule Mtoni

Baba yangu hakuangalia bahari. Wengi wakifika kwenye magofu ya kasri la Mtoni, hapa Unguja, wanapitiliza hadi ufukweni, wanapiga picha mbili tatu na ngalawa nyuma yao, kazi imekwisha. Yeye alisimama katikati ya chumba kisicho na dari, akainua bakora yake akaielekeza ukutani.

"Hesabu matundu."

Nikahesabu. Yamejipanga mstari mmoja juu kabisa, yameachana shubiri moja na kitu. Mengine yameota majani, mengine yamebomoka midomo hadi mawili yamekuwa moja. Nilipofika kumi na saba akanikatisha.

"Basi. Hapo ndipo boriti zilipokaa. Zimeoza, ukuta umebaki. Sasa pima upana wa chumba."

Nikapima kwa hatua. Nne, tena za kubana. Nikahamia chumba cha pili: nne. Ukumbi ulioonekana mkubwa, ambao urefu wake ulinichosha kuumaliza kwenye jua lile, upana wake nne vile vile. Mzee akacheka cheko lake lile la kukohoa. Alikuwa anajua jibu tangu tuko kwenye gari.

Niseme kwanza tumefikaje pale. Mimi ni muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Asubuhi mpaka jioni kazi yangu ni simenti, nondo, misumari, rangi. Baba alikuwa fundi wa chokaa enzi zake, mwashi aliyefundishwa na mwashi, na sasa ana miaka themanini na kitu na magoti hayamtaki. Mwanangu wa kike yuko skuli, kidato cha tatu, na huko wamesomeshwa habari za Bibi Salme, yule binti wa Sultan Seyyid Said aliyeandika kumbukumbu zake, basi akashika moja: twende Mtoni tukaone alipozaliwa. Babu yake akasema na yeye anakwenda. Tukapanda gari la 502, lile la Bububu, Jumapili asubuhi, vizazi vitatu kwenye viti viwili.

Sisi Waunguja neno "shamba" tunalitumia ovyo. Mtu akishatoka nje ya mji tu, amekwenda shamba, hata kama haoni mche wa muhogo. Leo Mtoni huwezi kuiita shamba kwa moyo mkunjufu: barabara kubwa ipo, maduka yapo, matangi ya mafuta yapo pua na mdomo na magofu yenyewe. Lakini nyumba ile ilijengwa kuwa nyumba ya shamba, kilomita kama sita kaskazini ya Mji Mkongwe, na Seyyid Said bin Sultan aliipenda kuliko kasri lake la mjini. Salme anasema baba yake alikuwa akikaa Mtoni siku 4 za wiki, zilizobaki anakuwa Beit el Sahel mjini. Kwa hiyo ukiuliza Oman na Zanzibar zilitawaliwa kutoka wapi, jibu la kweli ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya wiki zilitawaliwa kutoka shamba, chini ya minazi.

Ardhi ile aliikuta na mwenyewe. Saleh bin Haramil, mfanyabiashara wa Kiomani anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta karafuu Unguja, alikuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said alimnyang'anya yote mawili. Alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza 1828, na ujenzi wa Mtoni unahesabiwa tangu mwaka huo hadi 1834. Ndiyo maana inaitwa kasri kongwe kuliko makasri yote ya masultani hapa. Jina halina siri: kijito kilipita pale, na nyumba ikajengwa juu yake.

Sasa turudi kwenye hatua nne, maana hapo ndipo nyumba yote ilipo.

Boriti ni mti wa mkoko. Unakatwa kwenye maji ya chumvi, Rufiji huko na kwengineko, unaletwa kwa jahazi, na ni mgumu hata mchwa anaufikiria mara mbili. Lakini mkoko ulionyooka una urefu wake. Ukitoa vipande vya huku na huku vinavyoingia ndani ya ukuta ili boriti ishike, unabakiwa na mita 3 hivi za wazi. Huo ndio upana wa chumba. Haijalishi wewe ni nani. Sultani mwenye merikebu za kivita na mvuvi wa Malindi mwenye nyumba ya mawe ya urithi wote walilala kwenye vyumba vya upana mmoja, kwa sababu mti haukujua cheo. Tajiri akitaka ukubwa anaongeza urefu, au anaongeza vyumba, au anakwenda juu.

"Ndiyo maana nyumba za wakubwa zetu ni kama treni," Baba akasema. "Behewa nyuma ya behewa."

Mtoni iliongezwa hivyo hivyo. Nimewasikia watembezaji wa wageni wakiisifu kama kasri la hadithi za kale, na kila nikiwasikia nataka kuingilia. Salme mwenyewe, aliyezaliwa mle tarehe 30 Agosti 1844, anakiri katika kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 akiwa huko Ujerumani mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, kwamba nyumba ile haikuwa na sura wala mpango. Vilikuwa vipande vipande vya majengo vilivyosimamishwa kila haja ilipozuka, pamoja na njia na vichochoro ambavyo mgeni akiingia hatoki bila kusindikizwa. Na haja zilikuwa nyingi. Seyyid Said alipofariki baharini 1856, akirudi kutoka Maskati, aliacha watoto 36 walio hai. Salme anakadiria kwamba Mtoni peke yake ilikuwa na watu wapatao 1,000, ukichanganya masuria, watoto, watumishi na watumwa. Nyumba ya watu 1,000 haichorwi kwenye karatasi ikasubiri. Inaongezwa behewa.

Katikati ya majengo hayo ulikuwepo ua mkubwa sana. Mwanangu alitaka kuuona ua kuliko kitu chochote, kwa sababu Salme anasimulia wanyama waliokuwa wakizurura mle: paa, tausi, heroe, mabata, na mbuni waliokuwa wakiwakimbiza watoto. Alisimama kwenye majani akageuka pande zote na simu yake mkononi.

"Babu, mbuni walikuwa hapa hapa?"

"Mimi nitajuaje, mjukuu wangu? Mimi najua ukuta."

Kuna kipande kimoja cha nyumba ambacho hakuna ukuta wa kukisimulia, na hicho pia mwanangu alikitafuta. Mbele ya jengo kuu, upande wa bahari, palikuwa na benjile: jukwaa kubwa la mviringo la mbao, limeinuliwa usawa wa ghorofa, na paa lake la mbao lililopakwa rangi. Palipangwa viti vya mwanzi, na darubini kubwa ya kuangalia vyombo vinavyoingia. Seyyid Said alikunywa kahawa yake pale na wakubwa wa familia, au akitembea huku na huku peke yake ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa risasi ya zamani iliyobaki pajani. Mzee mwenye dola nzima, anazunguka kwenye kibaraza cha mbao. Katika kila kilichoandikwa juu yake, hilo ndilo linalonifanya nimwone kama mtu.

Benjile haipo. Mbao ndizo za kwanza kuondoka, siku zote. Nyumba yenyewe ilishahamwa kabla karne ile haijaisha, ukaja moto wa 1914, na kilichobaki kikatumika kama bohari. Kila paa lilipoanguka mvua iliingia kichwani mwa kuta, na ukuta wa chokaa unastahimili kila kitu isipokuwa kunyeshewa kichwani.

Upande wa nyuma kuna mabaki ya hamamu, na hapo Baba alikaa kitako. Kuba bado zinaonekana. Kuba ni ujanja wa kukwepa boriti: jiwe linabeba jiwe, chokaa inashika, huhitaji mti wowote. Ndiyo maana vyumba vya kuogea vimedumu pale ambapo kumbi za kifahari zimebaki kuta tupu. Mti ungeoza kwa mvuke, kwa hiyo hawakuutia mti, na kwa kutoutia wakawa wameinusuru sehemu ile miaka mia na zaidi bila kukusudia. Salme anataja mabirika ya kuogea si chini ya dazeni, yamejaa watu tangu alfajiri mpaka usiku, na njia ya kuyafikia ilikuwa imeezekwa ili mtu asiloane mvua akienda kuloana maji. Kijito kilikatishwa nyumba nzima, kikajaza mabirika, kisha kikatolewa baharini.

Baba hakusema kitu muda mrefu pale. Halafu akasema kuba zile zimepigwa na fundi aliyekuwa na haraka. Alinionyesha: mawe madogo yamejazwa pale ambapo lilitakiwa jiwe moja lililochongwa. Miaka karibu 190 imepita na mzee bado anamkosoa mwenzake.

Nikamwambia kama anataka kazi ya mkono uliotulia, twende Kidichi. Hatukwenda siku ile, magoti yalishakataa, lakini nilishawahi kufika. Kule ni juu, penye mikarafuu, na hamamu ilijengwa 1850 kwa ajili ya mke wa Seyyid Said aliyetoka kwenye ukoo wa kifalme wa Uajemi. Nje ni jengo la kawaida mno, jeupe lililofifia, unaweza ukalipita. Ndani kuta zina nakshi za lipu: maua, mitende, ndege. Wakati ule Waarabu wa Oman, Maibadhi kwa madhehebu, hawakuwa watu wa mapambo ya namna hiyo. Kuta zao zilipakwa chokaa nyeupe, na uzuri ukatiwa kwenye mashubaka yenye sahani za kaure na kwenye mlango. Kwa hiyo ndege wa Kidichi ni wageni. Walikuja na Bibi, na mafundi wa Kiajemi. Bibi mwenyewe anasimuliwa kuwa hodari wa farasi na wa kuwinda, na mwisho wa yote akaachwa akarudi kwao. Ndege wamebaki, ukungu unawala kidogo kidogo.

Marahubi tuliipita kwenye gari tukirudi, maana iko kati ya Mtoni na mji. Sultan Barghash aliijenga kati ya 1880 na 1882 kwa ajili ya masuria wake, na ikaungua 1899, yaani haikufika miaka 20. Nguzo zake nene zilizobeba roshani ya mbao bado zimesimama zikibeba hewa. Barghash alikuwa amezuru Uingereza mwaka 1875, na husemwa ule ukuta mrefu wa kuzungushia shamba aliuiga huko. Kwangu mimi Marahubi ni nyumba ya mtu aliyeona mambo ya watu akataka na yeye. Mtoni ni nyumba ya mtu aliyehitaji chumba kingine. Ya pili ndiyo ninayoipenda, ijapokuwa ni mbaya zaidi.

Na kwa kuwa tumeitaja Bububu, niondoe ubishi mmoja unaonikera vijiweni. Watu wanaapa kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa treni ile ya Wamarekani iliyoanza kupita 1905. Lakini Salme anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake, na alikuwa na nyumba huko kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Treni haijazaliwa. Wanaosema ni mlio wa chemchemi wana haki zaidi.

Kuna swali mwanangu aliliuliza tukiwa bado kwenye hamamu. Aliuliza nani aliyejenga. Nikaanza kujibu Seyyid Said, akanitazama kama skuli walivyomfundisha kumtazama mtu anayekwepa.

Baba ndiye aliyejibu, na alijibu kwa kueleza kazi. Kwanza matumbawe yanachimbwa na kubebwa. Kisha tanuri: magogo ya mnazi yanapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe yanawekwa juu, moto unawashwa na kuachwa ule mpaka uchoke. Mawe yanatoka meupe na mepesi. Yanamwagiwa maji, yanachemka yenyewe, yanapasuka kuwa unga. Ule unga unakaa ukiloweshwa siku nyingi kabla haujachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Halafu paa. Juu ya boriti zinapangwa kokoto na chokaa, kimo cha goti, na inapigwa. Safu ya watu, kila mmoja na gongo lake, wanapiga kwa pamoja, wanaimba ili wasipoteane, siku baada ya siku hadi ile sakafu inabana haipitishi maji. Yeye mwenyewe aliwahi kupiga sakafu moja ujanani, alikuwa analipwa, na bado mikono ilimvimba.

"Hapa hawakulipwa," akasema. "Sasa kazidishe kwa kila chumba ulichokiona."

Mwanangu akaacha kupiga picha. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria 1897, miaka sitini na kitu baada ya dari za Mtoni kupigwa. Majina ya masultani tunayo yote kwa mpangilio, ya kina Bibi tunayo baadhi, hata rangi ya paa la benjile imeandikwa. Ya wale wa magongo hatuna hata moja.

Nimefika kwenye sehemu ambayo nilitamani niiruke. Nyumba yetu ya urithi iko Vikokotoni, nyumba ya mawe, ya zamani, ndogo. Miaka minne iliyopita ukuta wa chini upande wa ua ulianza kutoa unyevu, lipu inamenyuka kama ngozi iliyoungua jua. Mimi muuza simenti. Nikaleta mifuko mitano kwa bei ya mfanyakazi, nikamwita fundi kijana, akapiga lipu ikawa laini kama kioo. Baba alikuwa amelazwa wakati ule. Aliporudi akaupapasa ukuta akauliza, "Umepiga nini hapa?" Nikamwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Umemziba pua."

Masika ya pili ndiyo iliyonielimisha. Ukuta wa chokaa unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa tena, jua likiwaka unakauka. Simenti haimruhusu. Maji yakabaki ndani, yakapanda juu zaidi, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu yangu ya kioo na kuisukuma. Siku moja usiku tulisikia kishindo. Lipu ilikuwa imetoka bamba zima, ukubwa wa mlango, na haikutoka peke yake: ilishikilia mawe ikatoka nayo. Ilikuwa ngumu kuliko ukuta wenyewe. Pale Mtoni, karibu na tao moja, niliona kiraka cha kijivu kimekaa hivyo hivyo, kingo zake zimeanza kubanduka na jiwe la nyuma limelika kama jino bovu. Nikajua bila kuuliza kwamba mtu fulani, kwa nia njema kama yangu, alileta mifuko.

Tukiwa tunajiandaa kuondoka Baba akaokota kipande cha lipu ya kale kilichodondoka, kimo cha kidole. Akakisugua kwa gumba, akautia unga ulimini. Mwanangu akapiga ukelele.

"Babu!"

"Nataka kujua mchanga waliutoa wapi." Akatafuna kidogo, akatema pembeni. "Si wa pwani. Chumvi haimo. Waliuleta kutoka mtoni."

"Na mimi nionje."

Akampa. Mtoto akaonja, akakunja uso, akatema. Mzee akakichukua kile kipande akajivuta kwa bakora mpaka penye ukuta uliobomoka chini, penye tundu la boriti lililofikika kwa mkono, akakisukumiza ndani kabisa.

Kwenye 502 tulikaa mimi na yeye pamoja, mtoto mbele. Tulipoipita Marahubi akauliza, bila kunitazama:

"Dukani kwenu chokaa mnauza?"

"Ya kupaka, Baba. Ile ya pakti."

"Ya kujengea."

"Hiyo hatuna."

"Duka zima?"

"Duka zima."

Akanyamaza mpaka Darajani.